Mjane Hapigi Gwaride

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani huku Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amefariki Machi mwaka huohuo. Vita vyenyewe aliviacha Novemba 1918, alipoweka silaha chini kule Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Miaka 46 ya kusubiri mshahara. Inasimuliwa kwamba karani alifungua ofisi ya muda Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350, na wenye vyeti walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walikuja na vipande vya sare vilivyoliwa na mende. Karani akapata akili: kila mzee apewe ufagio, aamriwe kwa Kijerumani, aonyeshe anavyoweka bunduki begani, anavyoishusha, anavyotoa heshima. Hakuna hata mmoja aliyekosea, ndivyo wanavyosema.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi. Kazi yangu ni kufundisha hesabu za fedha kwenye semina za wastaafu watarajiwa, na kwa wanajeshi sijapata mlango mzuri wa kuingilia kuliko ule ufagio. Wanacheka, wanakaa sawa vitini, wanajiona. Siku moja, katika ukumbi wa kambi ambayo sitaitaja, mama aliyekuwa akigawa chai na vitumbua alisimama na birika mkononi akangoja kicheko kiishe.

"Samahani mwalimu," akasema. "Na wale ambao waume zao walishakufa, wao walipewa nini washike?"

Sikuwa na jibu. Yeye akaendelea kumimina chai.

Tangu siku ile naisoma historia ya mafao ya askari kwa jicho jingine, na kila ninapogeuka nakuta ufagio. Mfumo wa kumlipa mtu aliyelitumikia jeshi umejengwa juu ya mwili wa huyo mtu: aje mwenyewe, athibitishe mwenyewe, asaini mwenyewe, ahakikiwe mwenyewe. Nyumba iliyomlisha, ikamfulia magwanda na kumngoja, haina namba ya utumishi. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu askari wale wa Wajerumani, anaonyesha jinsi wanawake na watoto walivyotembea na msafara wa vita, wakipika, wakibeba, wakiuguza. Jeshi lile lilikula kwa mikono yao. Siku ya ufagio hawakuwapo kwenye foleni, na hata wangekuwapo, gwaride hawakufundishwa.

Hapa kwetu Tanzania deni la namna hiyo lina sura yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, jeshi letu, JWTZ, lilikuwa dogo, ikabidi mgambo waitwe kutoka vijijini kwa makumi ya maelfu. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya hapo mgambo walio wengi walirudi walikotoka, kwenye pamba, tumbaku na migomba, wakakuta dukani hakuna sabuni wala sukari, na Mwalimu Nyerere akiwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wanaokumbuka watakwambia mikanda ile ilichukua muda mrefu zaidi kufunguka. Waliobaki vitani walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi huwakumbuka kwa ngao, mkuki na tarumbeta. Mgambo aliyerudi na mguu mbovu alirudi kwa mkewe. Mfuko wa hifadhi ya jamii ulikuwa yeye huyo mama: jembe lake, pombe aliyopika akauza, mkeka aliosuka. Kwa miaka mingi uchumi wa maveterani wa Kagera umekuwa uchumi wa wake zao, na sijaona jedwali la serikali lililouandika hivyo.

Mwanajeshi wa ajira wa leo ana nafuu kubwa. Ana kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi kutoka Hazina. Lakini anastaafu mapema kuliko mwalimu au karani, hasa akiwa wa vyeo vya chini, huku mtoto wa mwisho pengine bado yuko sekondari. Siku hiyohiyo anayoacha kazi anaacha na nyumba, kwa sababu kota ni ya jeshi. Watumishi wengine wa umma wamegombana miaka sita kuhusu kikokotoo: mkupuo wa asilimia 25 uliowaka moto mwaka 2018 hadi ukasimamishwa, asilimia 33 ya Julai 2022, asilimia 40 iliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024. Wanajeshi wana utaratibu wao, hata hivyo nimeusikiliza mgogoro ule wote kwa makini kwa sababu hoja yake ni moja na ya kambini: mkupuo uwe mkubwa kiasi gani. Swali la nani atakuwa mezani mkupuo ukifika halikuulizwa na yeyote niliyemsikia.

Ngoja nifungue daftari. Tuseme afande amepokea milioni 40. Namba ni ya mfano, kila mmoja aweke yake. Kwanza anajenga, na ana haki, maana hana pa kulala. Kiwanja, msingi, tofali, na fundi anayesema "boss, tukimaliza leo bei ni hii, kesho saruji inapanda". Milioni 22 zinaishia kwenye lenta. Pili anakuja kaka wa tumbo moja, halafu mtoto wa shangazi, halafu mchungaji au imamu mwenye paa la nyumba ya ibada, na mtu aliyepewa saluti miaka ishirini haoni namna ya kusema sina. Milioni 4 hazina risiti. Tatu ananunua bajaji iliyotumika kwa milioni 7, anampa kijana amletee hesabu ya shilingi 20,000 kwa siku. Zilizobaki ni ada, matibabu, na simu mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa ya kazini. Nimekaa na wastaafu wengi wanaonieleza hadithi hii wakidhani ni yao peke yao, na karibu wote wakifika mahali pa kusema pesa ilikwisha lini, hutaja mwaka na nusu.

Walimu wenzangu wa semina hapo hushika chaki na kumkaripia mstaafu kwa matumizi mabaya. Mimi sioni matumizi mabaya katika orodha ile. Nyumba ni haja. Ndugu ni bima ya pekee aliyoijua. Bajaji ni biashara halali, na kwa siku 26 za kazi inaleta 520,000 kwa mwezi kabla ya tairi, bima, faini na fundi. Ukiweka milioni 20 kwenye hatifungani ya serikali, tuseme kwa riba ya asilimia 12, utapata milioni 1.2 kila baada ya miezi sita, yaani sawa na 200,000 kwa mwezi. Kwa karatasi bajaji inashinda. Inashinda hadi siku kijana anapohama mji nayo, au injini inapokufa, na kwa mtu ambaye hajawahi kufanya biashara siku hiyo huja haraka. Hatifungani inaanzia shilingi milioni moja, haina spea, na riba inaingia benki hata ukiwa umelazwa. Kwa hiyo nikiulizwa nauliza na mimi: nyumbani kwako nani amewahi kuuza kitu akapata faida? Mara nyingi afande anafikiri kidogo, kisha anacheka kwa aibu. Ni mama.

Ni mama, na hakualikwa kwenye semina.

Kwa miaka yote ambayo mume alikuwa kazini, mke wa mwanajeshi alikuwa akisoma shule ya biashara ambayo haina jengo. Leo yuko Ngerengere, miaka mitatu baadaye Songea, kisha Tabora, kisha Dar es Salaam. Kila uhamisho unaua biashara: wateja wanabaki, wanaodaiwa wanabaki, kuku wanauzwa kwa bei ya kutupa jioni ya mwisho. Matokeo yake wanawake hawa huchagua mtaji kwa kigezo ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote cha ujasiriamali, nacho ni kama utaingia kwenye lori la kuhama. Cherehani inaingia. Friji la kugandishia aiskrimu za maji linaingia likifungwa godoro. Bustani ya mchicha haiingii, banda la kuku haliingii, na genge lenye wateja wa mkopo ndilo lisiloingia kabisa. Mama mmoja aliniambia ana cherehani iliyovuka mikoa mitano na haijawahi kuegemea ukuta mmoja kwa muda mrefu.

Tatizo hili halina uraia. Marekani, yenye jeshi tajiri kuliko yote duniani, utafiti wa wizara yake ya ulinzi wa mwaka 2021 ulikuta wenza wa wanajeshi wanaotafuta kazi bila kupata ni takriban asilimia 21, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni ileile ya lori. Mwenye leseni ya kazi ya jimbo moja aliweza kufika jimbo jingine akawa hana leseni. Ilibidi ipitishwe sheria, ikatiwa saini Januari 2023, ili leseni za kitaaluma za wenza hao zitambuliwe wanapohama kwa amri ya jeshi. Sisi tuna leseni za biashara za halmashauri, na mama akihama wilaya anaanza upya dirishani.

Sasa nikupeleke nyuma ya kota, Jumamosi saa kumi jioni. Mkeka umetandikwa chini ya mwembe. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wasioishi jengo moja. Mwenyekiti anaita namba, si majina. Namba saba anatoa hisa tatu, shilingi 15,000, na kitabu chake kinagongwa mihuri mitatu midogo yenye picha ya nyota. Namba kumi na moja hana. Anatozwa faini ya mia tano na anaitoa huku akinong'ona kitu kilichowachekesha wote. Kisha mfuko wa jamii, elfu moja kila mmoja, unaowekwa kwenye mfuko mdogo wa kitambaa peke yake kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kisha mikopo: mkopaji hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na lazima aseme mbele ya wote anaenda kufanyia nini. "Kununua mtumba wa watoto" inapita. "Shida za nyumbani" inarudishwa ifafanuliwe.

Mfumo huu ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa, na hapa kwetu wengi wanaujua kwa jina la VICOBA. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi kama hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Hayo ni ya vitabuni. Kilichonivutia pale mwembeni ni kanuni moja waliyojitungia: mwanachama akihamishwa hatoki. Anatuma hisa kwa simu kila Jumamosi kabla ya saa kumi, na namba yake inaitwa kama yupo. Siku niliyohudhuria waliitwa wanne wasiokuwapo, mmoja akiwa Mtwara, na kila mara mweka hazina alisoma ujumbe wa muamala kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Wamepata namna ya kupakia kitu kisichopakika kwenye lori, yaani kuaminika.

Hapa ndipo serikali ingeweza kuongeza nguvu kwa gharama ndogo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikarudi mwaka uliofuata kwa masharti mapya. Itazame kwa jicho la nyumba ya mstaafu. Mzee amepita umri wa ujana, na asipokuwa na ulemavu, hana mlango. Mkewe anao. Nyumba ileile, dari ileile, lakini anayeweza kuingiza mtaji usio na riba ni mmoja, na kikundi chake kinahitaji historia ya akiba na usajili, vitu ambavyo huwezi kuvianza wiki ya kustaafu. Vinajengwa miaka mitano kabla, chini ya mwembe.

Usipovijenga utamkuta yule mwenye droo. Mji wowote ulio jirani na kambi unamjua. Anakopesha kwa wiki, hana maswali, na dhamana anayotaka ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, na kwa jina hilo hawakukosea. Niliwahi kuiona droo mojawapo ikifunguliwa: kadi zimefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, na kila moja ina kipande cha plasta kilichoandikwa jina kwa kalamu. Tarehe ya pensheni mwenye droo anaamka mapema kuliko mwenye pensheni. Anatoa chake, anamwachia mzee kinachobaki, na mara nyingi kinachobaki hakifiki sokoni. Ndani ya nyumba mke hajui. Anachojua ni kwamba siku hizi Hazina "wanachelewesha".

Nimeanza na walio hai. Mume akifa, hasa akiwa bado kazini, mambo huanza kwa heshima ambayo sijaona mfano wake uraiani. Kikosi kinaleta gari, jeneza, bendera. Vijana wanabeba, risasi zinapigwa hewani, tarumbeta inalia mpaka wazee wanatazama chini. Nimelia kwenye mazishi hayo. Halafu arobaini inapita, magwanda yanarudi kambini, na mjane anabaki na mfuko wa rambo wenye karatasi. Mmoja aliumwaga mezani kwangu: kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya uhamisho ya mwaka fulani, picha ya harusi, nakala ya kitambulisho iliyofifia. Alichohitaji ni cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wanaukoo, na uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Cheti cha ndoa hakikuwapo. Walioana kimila, mahari ililipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawatoi risiti. Watoto wawili kati ya wanne walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Na kikao cha ukoo kilikuwa kimeshakaa, yeye akiwa bado ndani na kanga nyeusi, kikamteua shemeji.

Shemeji huyo si lazima awe mwizi. Wapo walioifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Ila sheria zenyewe zimempa mjane ngazi ya chini. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo bado halijang'olewa, linamweka mwanamke nyuma katika urithi na mjane nje kabisa palipo na watoto. Wajane wawili wa Tanzania walilipeleka suala hilo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi imekiuka haki zao. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina mlango wa nafuu: walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kuuthibitisha mlango huo mahakamani kunataka mashahidi na nauli. Mjane yule alikuwa na mashahidi wazuri sana, majirani wa kota waliokaa naye ukuta kwa ukuta. Wote walikuwa wamehamishwa.

Kwa hiyo nikiambiwa niandike mpango wa kuziinua familia za wanajeshi wastaafu, sianzi na mradi wa kuku wala semina ya uthubutu. Ninaanza na bahasha. Kila nyumba ya kota iwe na bahasha moja yenye zile karatasi zinazoweza kupatikana mume akiwa hai, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na mwanajeshi asipewe likizo yake ya mwaka wa kumi kazini mpaka ofisi imeiona. Ndoa isiyo na cheti isajiliwe wakati wote wawili wanapumua. Mtoto asiye na cheti akakatiwe RITA, kwa wakala wa usajili. Hii haihitaji mfadhili. Inahitaji sajenti meja mkali, na jeshi linao wa kutosha.

Pili, semina ihame tarehe na ihame mlango. Kumfundisha mtu kuwekeza miezi sita kabla ya kustaafu ni kumfundisha kuogelea meli ikiwa inazama. Iwe mwaka wa kumi, na mke aitwe kwa barua yenye jina lake. Nimewahi kuendesha moja ya namna hiyo kwa bahati tu, kwa sababu ukumbi ulikosekana tukahamia bwalo ambako wanawake walikuwa na mkutano wao. Swali la kwanza liliulizwa na mke: "Afande, hiyo milioni nne ya kaka yako ilikuwa lini?" Sikurudi kwenye mada kwa dakika ishirini, na sijawahi kufundisha vizuri kama dakika zile nilizonyamaza.

Tatu, ujuzi wa mume. Jeshi limejaa mafundi magari, madereva wa malori mazito, wapishi wa watu mia tano kwa mlo mmoja, mafundi umeme, wauguzi. Anapotoka, mtaani anaonekana ana fani moja tu, ya kulinda, na ndiyo maana wanaume waliokuwa wakiendesha mitambo wanasimama usiku kwenye geti la ghala na rungu. Kulinda ni kazi ya heshima, nami sina neno nayo. Nina neno na mshahara wake. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kazini anapimwa, anafundishwa palipo na upungufu, anapewa cheti. Miezi michache ya mwisho ya utumishi ingetosha. Mpishi wa kikosi mwenye cheti anaweza kuomba zabuni ya chakula cha shule. Asiye nacho ataambiwa alete barua.

Wamarekani, ambao wengi hupenda kuwatolea mfano hapa, walitia saini Juni 1944 sheria yao ya kuwasomesha na kuwakopesha nyumba askari waliorudi vitani. Watu milioni 7.8 walisoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo. Sifa zake zinastahili, na doa lake lisifichwe: mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilidhaminiwa, na miwili tu ilikwenda kwa weusi. Sheria nzuri iliyopita kwenye mikono ya benki za mtaa ilitoka na rangi za mtaa. Mimi linanivutia zaidi badiliko lililokuja miaka 65 baada ya sheria hiyo kutiwa saini. Tangu 2009 mwanajeshi wao anaweza kumhamishia mkewe au mtoto haki yake ya kusomeshwa, kwa sharti kwamba aombe akiwa bado amevaa sare. Akishaivua, mlango umefungwa. Sharti hilo linaonekana la kikatili, na wapo walioumizwa nalo, lakini aliyeliandika alijua jambo moja kuhusu askari: kinachoweza kufanyika kwa amri kifanyike kabla hajawa raia.

Wafadhili wana neno lao siku hizi, ustahimilivu. Nimelisikia kwenye mikutano mingi mpaka limeanza kuniwasha. Kule kota wanasema tunajikaza. Ni maneno mawili tofauti. La kwanza linasifu, la pili linakiri kwamba kuna kamba shingoni. Mke wa mstaafu aliyehama mara saba na kufufua biashara mara saba hahitaji kufundishwa kustahimili; anahitaji mara ya nane asianze na sifuri.

Nilirudi pale mwembeni mwezi uliopita. Sanduku ni lilelile, ila mkeka umeongezwa wa pili kwa sababu kikundi kimekua. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa afande mmoja aliyestaafu mwaka jana, shati limenyooshwa mpaka kola inakata, kofia mapajani. Alikuja kuomba uanachama. Mwenyekiti, ambaye umri wake ni sawa na wa binti wa afande huyo, alimwamkia shikamoo, akamsomea katiba yote, kifungu kwa kifungu, pamoja na faini ya kuchelewa na faini ya kuongea bila kunyoosha mkono. Mzee akakubali. Akatoa kiingilio na hisa mbili, kitabu chake kikagongwa nyota mbili. Akaitwa namba 26.

Akanyoosha mkono. Akasema kwa kuwa yeye ni mtu wa nidhamu na anaishi karibu, yuko tayari kujitolea kutunza ufunguo mmojawapo.

Wanawake wakatazamana. Mwenye kuandika muhtasari akainua kalamu.

"Tunashukuru sana, afande," mwenyekiti akasema. "Ufunguo bado. Wewe njoo tu Jumamosi, kabla ya saa kumi."